Siku Antena Ilipotazama Unguja

Vijana mnaofunga ving'amuzi hapa Tudor hunipita kibarazani na mikoba yenu, mkanisalimu kwa adabu, "Shikamoo fundi," kisha mkishafika pembeni mwacheka. Nawasikia. Mimi nimestaafu lakini masikio yangu bado yako kazini. Juzi mmoja wenu alijitia ushujaa akaniuliza, "Fundi Mwero, hivi kazi yenu ya zamani ilikuwa nini hasa? Kupanda juu ya paa na kuzungusha bomba la antena?"

Ndiyo, baba. Ilikuwa kupanda juu ya paa na kuzungusha bomba. Kaeni kitako basi niwaeleze, maana kuna mabomba mengine ukiyazungusha kidogo tu, nyumba nzima hugeuka.

Nianze na hili mnalosema mwalijua. Picha ya zamani, ya analogi, ilikuja hewani katika wimbi lililobadilika kuifuata picha yenyewe: kwenye mwanga lilikuwa hivi, kwenye giza likawa vile. Likigongwa njiani na ukuta, au likiingiliwa na pikipiki ya mtu inayonguruma uchochoroni, picha nayo imeingiliwa. Ulipokea kilichofika, pamoja na taka zake. Picha ya siku hizi, ya dijitali, hugeuzwa kwanza kuwa tarakimu. King'amuzi chapokea zile tarakimu, kinarekebisha zilizoharibika kidogo, kisha kinaisuka picha upya kama ilivyotoka studio. Ndiyo maana ni safi. Tena kwenye nafasi iliyotosha kituo kimoja enzi zetu, leo vinapita vituo kadhaa bila kusukumana. Hayo ni mazuri, siyakatai, na mimi mwenyewe ninacho king'amuzi chumbani.

Lakini tarakimu zikipungua kupita kiasi, king'amuzi hakikupi nusu. Picha inakatika vipande vya mraba, yaganda mdomo wa mtangazaji ukiwa wazi, halafu unaandikiwa kwamba hakuna mawimbi. Basi, kwisha. Analogi ilikuwa na subira kuliko hivyo. Ilikupa chenga, yale madoadoa meupe yaliyocheza kioo kizima, na ndani ya chenga ikakupa kivuli, na ndani ya kivuli ukaweza kumjua mtu wako. Shikeni hapo kwanza, ndipo mtakapoelewa ninakokwenda.

Mimi ni mtu wa Rabai. Nilishuka Mombasa nikitafuta kazi ya reli, reli haikunitaka, nikaangukia kwa Fundi Kassam aliyekuwa na kiduka cha kutengeneza redio na televisheni pale Makadara. Huyu bwana alikuwa mwembamba, mkali, na alikuwa na mazoea ya kuongea zaidi na chuma cha kuchomea risasi ya kuungia waya kuliko alivyoongea na watu. Ukimletea kisingizio kwamba picha ni mbaya kwa sababu ya mawingu, hakujibu ila neno moja: "Mbaazi!" Ulitakiwa umalizie mwenyewe kwamba ukikosa maua husingizia jua.

Somo lake la kwanza halikuhusu umeme. Alinikalisha akaniambia, "Mwero, Mji wa Kale paa la mtu ni ndani kwake." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, bila kuelewa kitu. Kwetu paa ni paa, lina makuti na pengine nyoka.

Nyumba za Mji wa Kale zimeegemeana migongo. Ukichomoza kichwa juu ya nyumba moja, umeshaingia uani kwa jirani na kwenye sakafu ya paa la jirani wa pili, mahali ambapo wanawake wamekaa vichwa wazi, waanika bizari, wasukana nywele, wapumzika na macho ya watu. Kwa hiyo fundi wa antena kabla hajachomoza alisimama kwenye ngazi akapaza sauti: "Hodi juu! Fundi yuwapanda!" Akangoja. Mpaka sauti ya mwanamke imjibu kutoka huko, "Haya, panda!" ndipo apande, na akishapanda macho yawe kwenye bomba.

Sasa mimi siku zangu za mwanzo nilidhani ruhusa ya mwenye nyumba yatosha. Alinikaribisha mwenyewe, kahawa nimekunywa, hodi ya nini tena? Nikachomoza. Kwa jirani kulikuwa na matayarisho ya harusi, na juu ya sakafu wamekaa wanawake tele wamejipaka hina. Sikuona uso wa mtu, nawaapia, kwa sababu kitu cha kwanza kunipata usoni kilikuwa beseni la maji ya hina. Nilirudi Makadara rangi ya papai bivu. Fundi Kassam alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha risasi. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Wewe umetiwa rangi tu, mshukuru Mungu." Wauza mahamri wa pale Makadara waliniita bwana harusi kwa muda mrefu baadaye, na mimi nikawa fundi wa kupiga hodi kuliko wote kisiwani.

Mengine niliyajifunza kwa mkono. Chumvi ya pwani yala kila kitu, kwa hiyo kila kiungo cha waya nilikipaka grisi na kukizungushia utepe wa mpira, na bado mwaka haukupita kabla sijaitwa tena. Kunguru wa Mombasa walizipenda antena zetu kuliko miti. Walikaa kwenye vijiti vyake wakavipinda, na mteja akaja dukani amekasirika kwamba kituo kimeharibu picha, kumbe kunguru ndiye kaharibu. Liwatoni, kando ya bahari, nilikuwa na mteja ambaye kila meli kubwa ilipopita mtangazaji alipata kichwa cha pili. Wimbi lilimfikia mara mbili, mara ya kwanza moja kwa moja na mara nyingine limegonga ubavu wa meli, na hiyo ya pili ikachelewa kidogo. Nilipomweleza alinitazama kwa huruma, akaenda kumleta mtu wa kusoma dua. Meli ikaondoka, kichwa cha pili kikaondoka, na sifa zikaenda kwa yule wa dua.

Na walikuwapo wasiotaka antena ya dukani. Mama mmoja wa mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, alipata picha safi kabisa kwa sinia kubwa la bati lililofungwa dirishani. Shida yake ilikuwa Ramadhani, maana sinia lilihitajika jikoni na nyumba nzima ikakaa bila televisheni mpaka sambusa ziishe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ndipo zilipoingia zile sahani ndogo za kupokea dijitali kutoka angani. Mimi na Fundi Kassam tuliitwa na mfanyabiashara mmoja tuione yake. Picha ilikuwa safi hata ukahesabu vishikizo vya shati la mtu. Mvua ikaja, ya kawaida tu, ile picha nzuri ikaganda, ikapasuka miraba, ikazima. Mwenye nyumba akaanza kusingizia mawingu. Nilimwona mzee wangu akifumba midomo kwa nguvu ili asiseme "Mbaazi" mbele ya tajiri. Tukiwa njiani akaniambia, "Hii ndiyo itakayotula, Mwero. Lakini haijui kuvumilia."

Haya, sasa Unguja.

Katika msimu wa kaskazi, jioni za joto ambazo hata pazia halitikisiki, hewa ya juu ya bahari hujipanga tabaka, ya moto juu na ya baridi chini. Mawimbi ya televisheni ambayo yangepotea angani hubanwa hapo katikati yakafuata bahari, yakafika mbali kuliko ilivyokusudiwa. Jioni za namna hiyo, ukiigeuza antena yako kutoka upande wa bara, ulikokuwa mtambo wetu, ukaitazamisha kusini, ulipata picha za Unguja. Si kila siku, wala si safi. Na hazikuwa na sauti. Wenzetu waliipanga sauti yao mahali tofauti kidogo na yetu kwenye mawimbi, kwa hiyo televisheni nyingi za hapa zilishika picha tu, na sauti ikawa mvumo mtupu.

Kule Kuze nilikuwa na mteja akiitwa Mzee Athman, karani mstaafu wa forodha, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi vilevile. Kila siku akitoka kuswali magharibi alikaa kwenye kiti chake kungoja taarifa ya habari. Mkewe akiitwa Bi Rukia. Walikuwa na binti mmoja tu, Saada, aliyekuwa na sauti ambayo tangu utotoni aliposoma kasida Maulidini watu waliacha kujipepea wakasikiliza. Saada alikwenda Unguja kwenye harusi ya jamaa, akaingia kikundi cha taarabu, akaolewa huko huko na mpiga fidla bila ya kumngoja baba atoe idhini. Mzee Athman akasema mwanawe haimbi mbele ya kadamnasi kwa kutuzwa, na aliyefanya hivyo si mwanawe. Akakataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba ile. Miaka ikapita hivyo. Bi Rukia alikuwa akipata salamu kwa midomo ya wasafiri, nazo alizipokea mlangoni, kwa sauti ya chini.

Basi siku moja ya joto kali Bi Rukia alinijia dukani mwenyewe, kajitanda buibui mpaka machoni.

"Mwanangu Mwero, nakuomba kitu, na usinambie la."

"Nambia, mama."

"Jana Bi Amina jirani yangu kamuona Saada kwa televisheni ya Unguja. Kwa mato yake. Kikundi chao chaoneshwa jioni, na leo tena kitaoneshwa. Ndoo nyumbani unigeuzie antena."

"Na mzee?"

"Mzee atakuwa msikitini. Kwani mimi nataka makubwa? Nataka nimuone uso tu, niyue yu mzima."

Nilikuwa nampenda Mzee Athman, na nilimwogopa. Yeye ndiye aliyenitambulisha kwa nusu ya wateja wangu wa Kuze, na neno lake moja lingenifungia milango ile ile. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale mbele yangu alikuwa amesimama mzazi. Nilichukua spana nikamfuata.

Nilipiga hodi juu, nikajibiwa, nikapanda. Kazi hii ilitaka watu watatu: mmoja juu kwenye bomba, mmoja mbele ya televisheni, na mmoja katikati kwenye ngazi wa kupokeza maneno, kwa sababu kuta za nyumba zile ni nene na ngazi zake zinapinda. Wa katikati alikuwa awe Bi Amina, akapata wageni. Bi Rukia akabaki kuwa wa chini na wa katikati kwa pamoja. Anashuka, anatazama kioo, anapanda akihema, ananiambia, "Chenga tupu!" na kufika kwake mimi nimeshapapita pale alipopaona. Tukaenda hivyo mpaka jua likazama na magoti yake yakakataa.

Watu wakaanza kutoka msikitini. Kutoka juu nikaiona kanzu ya Mzee Athman ikiingia uchochoroni, haina haraka.

"Mama!" nikaita. "Mzee yuwaja!"

Nilitarajia aniambie niirudishe antena upande wa bara.

"Endelea," akasema. "Mimi nakaa papa hapa kwenye ngazi."

Nikasikia mlango, kisha bakora ikiwekwa mahali pake, kisha kiti.

"Bi Rukia! Antena imepatwa na nini? Taarifa ya habari yangu i wapi?"

"Fundi yuko juu, aitengeneza. Wewe kaa hapo utwambie waona nini. Mimi nitampokeza."

Hakusema uwongo hata neno moja, mama yule.

"Chenga," akasema mzee.

"Chenga!" akanipokeza.

Nikasukuma bomba kwa upana wa kidole.

"Chenga."

"Chenga!"

Nikasukuma tena, kidogo kuliko mwanzo. Shati limenigandama kwa joto.

"Kuna vivuli," akasema mzee. "Kama watu."

"Watu gani?" akauliza Bi Rukia, na hilo hakunipokeza mimi.

"Wamekaa safu. Huyu ana fidla. Huyu ana... Bi Rukia, hii si habari."

"Tazama tu, bwana."

Nikaita, "Vipi? Nizidishe?" Hakuna jibu, si la chini wala la katikati. Nikaita tena. Nikaona mambo yameharibika: mzee ameelewa, sasa hivi atainuka azime televisheni, kisha apande mwenyewe na ile bakora. Nikashika bomba kwa mikono yote miwili nilirudishe bara.

Ikaja sauti moja kwa moja kutoka chini, imepita kuta na ngazi bila ya mpokezaji.

"Siguse! Iwate papo hapo!"

Nikaganda.

"Mama Saada! Ndoo! Ndoo upesi, amekonda!"

Tangu binti aondoke Mzee Athman alikuwa akimwita mkewe Bi Rukia, kama anavyomwita jirani. Lile jina la Mama Saada sote tulikuwa tumezoea kutolisikia. Nikasikia miguu ya Bi Rukia ikishuka ngazi, na yale magoti yaliyokuwa yamekataa sijui aliyaacha wapi.

Nilikaza bomba pale pale nikateremka. Nilipofika mlangoni nilipiga hodi, hakuna aliyeitikia, nikasimama papo. Mzee Athman alikuwa wima mbele ya televisheni, kofia mkononi. Kwenye kioo chenga zinamiminika, na ndani yake mwanamke amesimama mbele ya wapiga fidla. Akigeuza kichwa, nusu ya uso inapotea. Hebu fikirini, vijana: kwa mawimbi dhaifu namna ile, king'amuzi chenu kingeandika hakuna mawimbi, na mzee angekwenda kula chakula chake. Mimi mwenyewe nisingeweza kuapa kwamba ni Saada. Lakini mwanamke yule alikuwa ameushika mtandio wake kidevuni kwa mkono wa kushoto, na Bi Rukia akasema, "Mtazame, bado aushika vile vile," na mzee akatikisa kichwa kukubali.

Mdomo wa Saada ulikuwa ukienda, televisheni yavuma tu. Mzee akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Mvumo ukajaa chumba.

"Mwero, sauti i wapi?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, kwamba picha yao twaishika lakini sauti yao imepangwa pengine.

"Yaani aimba, nami simsikii."

"Ndiyo, mzee wangu."

Akaipunguza ile sauti taratibu mpaka ikazima kabisa. "Na mimi ndiye niliyesema sitaki kumsikia," akasema.

Bi Rukia alikuwa ameketi chini kwenye mkeka karibu na kioo, machozi yanamtoka na anatabasamu, na mimi nikatazama spana yangu. Kule nje upepo ulikuwa umeanza, nikauhisi mlangoni, nikajua zile tabaka za hewa zaanza kuvurugika. Chenga zikaongezeka. Ukapotea mtandio, wakapotea wapiga fidla.

"Na yeye?" mzee akaniuliza, bila ya kugeuka. "Yeye atuona?"

Nilitaka kucheka, nikaona si mzaha. Mtu aliyekaa forodhani umri wake wote alijua jibu kama nilivyolijua mimi. Aliuliza kwa sababu alitaka sana liwe jingine.

"Hapana, mzee. Mawimbi haya yaja huku tu. Hayarudi."

Uso wa Saada ukabaki doa, doa nalo likaingia ndani ya chenga. Mzee Athman alisubiri, na mimi nikasubiri, lakini haukuja tena. Akaweka kofia kichwani, akaitengeneza kwa mikono miwili.

"Basi yabidi twende sisi," akasema. "Mama Saada, mabasi ya Tanga yaondoka saa ngapi, tukapate boti ya Unguja?"

Bi Rukia alikuwa keshaingia chumbani, na tulichosikia ni sanduku likiburutwa kutoka mvunguni.